Hela ya Chupa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina chupa tupu ya soda, na chupa yenyewe ina ujanja kumshinda sungura.

Hapo zamani, si zamani sana, palikuwa na binti wa darasa la tano huko Tanga. Wageni walifika kwao ghafla saa ya jua kali. Mama akampa noti akamwambia, "Kimbia dukani ulete soda nne za baridi, usichelewe." Binti akatoka mbio mpaka dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe nini?"

"Soda nne, ziwe za baridi."

Mzee akafungua friji, akatoa chupa nne za kioo, akazipanga juu ya meza. Lakini hakuziachia. Kiganja chake kikabaki juu ya vizibo.

"Umekuja na chupa?"

"Sina, mzee. Mama hakunipa."

"Basi acha hela ya chupa, ukizirudisha unachukua hela yako. Au chukua hizi za plastiki, hizo hazina maneno."

Binti akaitazama noti yake. Ilitosha soda, haikutosha soda na chupa. Za plastiki nazo bei ilikuwa juu kidogo, angepata tatu tu, na wageni ni wanne. Akasimama pale akipiga hesabu kwa vidole. Mwishowe akasema, "Niwekee, mzee, narudi." Akakimbia nyumbani, akaingia jikoni, akapapasa nyuma ya gunia la mkaa. Huko akazikuta chupa nne zenye vumbi na buibui mmoja. Akazisuuza, akarudi nazo, akapewa soda zake. Wageni wakanywa.

Sasa niambieni. Yule binti alitumwa kununua kinywaji. Je, wakati ule dukani alikuwa anafikiria kinywaji? Hata! Alikuwa anafikiria chupa. Chupa ndiyo iliyomwamulia anunue nini, ngapi, na aende wapi kwanza. Hiyo ndiyo hadithi yetu ya leo: kitu kinachotakiwa kurudi hugusa mfuko wa mnunuzi kabla hata hajakinunua.

Nasikia mmoja ananong'ona kwamba mzee wa duka ana roho ngumu. Hapana. Mzee naye amefungwa kamba ileile. Gari la soda linapofika, halimpi chupa wala kreti bure. Kreti moja ina nafasi 24, na mzee akitaka kupewa kreti iliyojaa kwa bei ya kinywaji peke yake, lazima akabidhi kreti nyingine yenye chupa tupu 24. Zikiwa 23, ile moja anailipa yeye. Kwa hiyo chupa unayoisahau uvunguni inatoka kwenye faida ya mzee. Ndiyo maana kiganja kinabaki juu ya kizibo.

Hebu siku moja shikeni chupa ya soda ya kioo usawa wa macho. Itazameni begani, kisha karibu na kitako. Mtaona mikanda miwili iliyopauka, yenye mikwaruzo midogomidogo, na kati yake kioo kinang'aa. Mikanda hiyo haikuwekwa kwa urembo. Ni mahali ambapo chupa hugusana na wenzake, ndani ya kreti na kwenye mitambo ya kiwandani. Chupa mpya haina mkanda. Kadiri mkanda unavyopauka ndivyo chupa ilivyosafiri zaidi: kiwandani, dukani, nyumbani, dukani tena, kiwandani tena. Kila inaporudi huoshwa kwa maji ya moto yenye dawa kali, hukaguliwa, yenye ufa hutolewa, na nzima hujazwa upya. Kule Ujerumani chupa za kioo za namna hii huweza kujazwa hata mara 50 kabla ya kustaafu.

Basi tuone chupa hii inamvuta mnunuzi kwa njia zipi.

Njia ya kwanza ni kumrudisha. Ukiwa umeacha hela yako kwa mzee, utarudi kwa mzee huyohuyo, hata kama duka la ng'ambo ya barabara lina friji kubwa zaidi. Na ukirudi kufuata hela yako, mara nyingi hutoki mikono mitupu. Unasema, "Basi hiyo hela nipe biskuti." Mzee anatabasamu.

Njia ya pili ni kumfunga na kampuni moja. Nyumba yenye kreti ya kampuni fulani, ikija sikukuu ya Idi au harusi, itanunua soda za kampuni hiyohiyo, kwa sababu matupu yake hayapokelewi kwa mwenzake. Mnauona mchezo huo hata kwenye mtungi wa gesi. Mara ya kwanza mama hununua mtungi pamoja na gesi, na hapo bei huuma. Baada ya hapo anapeleka mtupu na kuchukua uliojaa, akilipa gesi tu. Kwa kawaida mtungi wa kampuni hubadilishwa na wa kampuni hiyo. Kwa hiyo mama mwenye akili, kabla ya kununua mtungi wa kwanza, haulizi bei tu. Anauliza, "Duka la karibu na kwangu linabadilisha mitungi ya nani?" Anajua kwamba siku ile anachagua gesi ya miaka mingi ijayo.

Njia ya tatu ni kumkimbiza. Mtu asiye na chupa, mwenye haraka au aliye safarini, anaona usumbufu. Anachukua ya plastiki, anakunywa, anatupa. Chupa ya plastiki haina hela ya chupa, lakini msidhani haina thamani. Waokota makopo wanaijua thamani yake. Wanaijaza kwenye viroba, wanaipeleka kupimwa kwa kilo, na huko inakatwakatwa na kuyeyushwa ili itengenezwe kitu kingine. Tatizo ni kwamba chupa moja haina uzito wa kumtoa mtu kitandani. Mnunuzi aliyeinywa haoni anachopoteza akiitupa. Anayeokota mia nzima ndiye anayeona.

Hapo sasa tumefika kwenye siri ya hela ya chupa. Ukiokota shilingi 500 njiani, utafurahi mpaka nyumbani. Lakini ukipoteza shilingi 500 uliyotumwa nayo, je? Usiku hulali. Ni hela ileile, lakini uchungu wa kuipoteza unazidi raha ya kuipata. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika juu ya jambo hili kwa mahesabu, na baadaye Kahneman akapewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002.

Huko Wales, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walilijaribu kwenye vikombe vya kahawa. Mteja aliyekuja na kikombe chake alipopunguziwa bei, watu hawakubadilika. Lakini alipotozwa zaidi anayechukua kikombe cha kutupa, watu zaidi wakaanza kuja na vikombe vyao. Punguzo lilipita masikioni, tozo likaingia moyoni. Hela ya chupa inafanya kazi kwa njia hiyohiyo: tayari imetoka mfukoni mwako, na unajua kwamba usiporudi imekwenda.

Lakini lazima iwe hela ya kuuma. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 1971 kwamba chupa na makopo mengi ya soda na bia viwekewe senti tano. Wakati ule senti tano zilikuwa na heshima. Miaka ikapita, bei za vitu zikapanda, senti tano zikabaki palepale. Ilipofika mwaka 2015, vilivyorudi vilikuwa kiasi cha asilimia 64 tu. Watu waliona heri wapoteze senti tano kuliko kubeba mfuko wa matupu. Tarehe 1 Aprili 2017 zikapandishwa kuwa senti kumi, na vyombo vilivyorudi vikapanda kupita asilimia 80. Watu ni walewale na makopo ni yaleyale. Kilichobadilika ni uchungu.

Mpo? Tupo! Haya, twende Ujerumani, maana huko chupa ilimchezea mnunuzi mchezo mkubwa.

Wajerumani huita hela ya chupa Pfand. Kwa miaka mingi ilikuwa kwenye chupa za kujazwa tena: senti 8 kwa chupa ya kawaida ya bia, senti 15 kwa chupa nyingi za maji. Kisha makopo na plastiki za kutupa zikaanza kuzimeza chupa hizo. Serikali ikaona isipofanya kitu, chupa ya kujazwa itakufa. Tarehe 1 Januari 2003, Jürgen Trittin akiwa waziri wa mazingira, Pfand ikawekwa hata kwenye makopo na chupa za kutupa, na siku hizi ni senti 25 kila moja.

Kishindo chake kilikuwa kikubwa. Maduka mengi yaliona usumbufu kupokea makopo matupu, yakayaondoa kwenye rafu. Kinywaji cha kopo kikakaribia kutoweka nchini. Mnunuzi hakukatazwa kopo na mtu yeyote. Hakuliona tu, akanunua kingine.

Maduka makubwa ya bei nafuu yakaja na werevu wao. Sheria ya wakati ule iliruhusu duka kupokea chupa zake peke yake kama umbo lake halifanani na za wengine. Basi kila moja likatengeneza chupa ya umbo lake. Ukinunua maji duka hili, chupa hairudi duka lile. Kama senti zako 25 zimo ndani ya chupa ya duka fulani, Jumamosi utakwenda duka gani? Sheria iliyowekwa kulinda chupa ikawa kamba ya kumfunga mteja. Mchezo huo ulikomeshwa tarehe 1 Mei 2006: duka linalouza chupa za plastiki likatakiwa kupokea chupa za plastiki zenye Pfand, ziwe zimenunuliwa kwake au kwa jirani.

Leo kazi hiyo hufanywa na mashine. Mashine za namna hiyo zilipata umaarufu kutokana na ndugu wawili wa Norway, Petter na Tore Planke, walioanzisha kampuni yao mwaka 1972. Unaingiza chupa kwenye tundu, mashine inaizungusha na kuisoma, inaimeza, unasikia inapondwa huko ndani, krrr. Ukimaliza, inakutemea karatasi yenye hesabu yako. Karatasi hiyo unaipeleka kaunta ya duka lilelile, ulipwe au upunguziwe manunuzi. Sasa fikirini, mtu ameshika karatasi ya yuro tatu, yumo ndani ya duka, na mkate unanukia. Atatoka akanunue mkate kwingine?

Nasikia mnasema, "Basi Wajerumani wameshinda!" Kwa upande mmoja, ndiyo. Zaidi ya asilimia 95 ya chupa na makopo yale ya kutupa hurudi, na barabarani ni nadra kuyakuta. Anayeitupa chupa yake, mwingine anaiokota kwa ajili ya zile senti 25. Wako hata wanaoacha chupa kando ya pipa badala ya kuitumbukiza ndani, ili anayeokota asichafue mikono.

Kwa upande wa pili, sikilizeni vizuri. Pfand ililetwa kuilinda chupa ya kujazwa tena. Lakini chupa ya kujazwa haikupona. Sheria ya nchi ile inataka vyombo vya kujazwa tena vifike asilimia 70 ya vinywaji, na leo havifiki hata nusu. Kwa nini? Sababu mojawapo ni kwamba wanunuzi wengi walichanganyikiwa. Mtu aliona chupa ina Pfand, anairudisha, anapewa hela yake, akaamini itaoshwa na kujazwa. Kumbe ile krrr ndiyo mwisho wake! Imepondwa, itayeyushwa. Alidhani ananunua chupa ya kurudi, akanunua chupa ya kutupa iliyotupwa kwa adabu. Tangu mwaka 2019 sheria inayataka maduka yaandike wazi kwenye rafu ipi ni ya kujazwa tena na ipi ni ya matumizi ya mara moja.

Kurudisha kuna namna mbili, wanangu. Kuna kitu kinachorudi kikabaki kilivyo, kikafanya kazi ileile tena. Na kuna kitu kinachorudi kikavunjwa ili kizaliwe kingine, na hapo hutumika moto, umeme, maji na magari. Namna zote mbili ni bora kuliko mtaro uliozibwa na plastiki. Lakini haziko sawa, na muuzaji asiyetaka ujue tofauti atazitaja zote kwa jina moja zuri.

Jina zuri lina nguvu. Mwaka 2013 watafiti wawili, Jesse Catlin na Yitong Wang, walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Waliwapa watu mkasi wakawaambia waujaribu kwa kukata karatasi, kisha waseme wanauonaje. Wengine walikaa mahali penye pipa la taka za kawaida peke yake. Wengine waliwekewa pia pipa la karatasi za kutengenezwa upya. Nani walikata karatasi nyingi zaidi? Wale wenye pipa zuri! Watafiti wakaenda pia chooni, kwenye karatasi za kufutia mikono. Walipoweka pipa la karatasi za kutengenezwa upya, matumizi ya karatasi yakaongezeka. Mikono haikuwa michafu zaidi ya jana. Moyo ulipata ruhusa: "Chukua tu, si inakwenda kutengenezwa upya?"

Ruhusa hiyo ndiyo wauzaji wengine wanayoiuza. Tuseme kaka yako ana simu isiyo na tatizo lolote. Anapita mbele ya duka anaona tangazo: leta simu ya zamani, ongeza hela, chukua mpya. Simu mpya ni shilingi 400,000. Ya zamani wanaipokea kwa 60,000. Kaka anarudi nyumbani akitamba, "Nimeokoa elfu sitini!" Mwambieni kwa heshima: kaka, ulikuwa na simu inayopiga na kupokea, sasa umetoa 340,000 kwa kitu ulichokuwa nacho. Kama simu ya zamani imekufa kweli, kuipeleka dukani ni jambo la maana kabisa. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa inavyopasa hazikufika robo. Simu iliyokufa droo siyo kaburi lake. Lakini simu nzima isizikwe kwa sababu ya tangazo.

Msiondoke mkidhani kwamba kurudisha vitu ni ulaghai. Bila hela ya chupa, zile chupa nne nyuma ya gunia la mkaa zingekuwa vipande vya kioo jalalani, zikimsubiri mtoto apite pekupeku. Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022 inayomfanya mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kumaliza nayo. Hilo ni jambo jema, kwa sababu aliyeamua umbo la chupa ndiye anayeweza kuamua iwe rahisi kurudi. Lakini jueni kwamba gharama ya kurudisha haiokotwi hewani. Iko mahali fulani ndani ya bei, na mnunuzi ana haki ya kuuliza iko wapi.

Kwa hiyo nawapa maswali matatu ya kwenda nayo dukani. La kwanza: kitu hiki kikiisha, kinarudi kwa nani, na je, mahali hapo pako karibu nami? Ahadi ya kurudisha isiyo na mahali pa kurudishia ni maneno ya kwenye karatasi. La pili: kikirudi kinakuwa nini? Kinajazwa, kinatengenezwa, au kinapondwa? La tatu, na ndilo zito: kama wasingeahidi kukipokea, ningekinunua? Ukijibu hapana, basi umevutwa na ahadi, hukuvutwa na haja.

Mtoto anayeuliza maswali hayo mbele ya kaunta hamsumbui mwenye duka. Anamfundisha kwamba wateja wanatazama. Na duka likijua wateja wanatazama, litaagiza tofauti, kiwanda nacho kitatengeneza tofauti. Kesho ukitumwa dukani, usiende mikono mitupu. Chungulia kwanza nyuma ya gunia la mkaa.